Sikio Halina Kope: Kelele Zetu Si Uinjilishaji



Injili ya Dominika hii, ya 23 ya Mwaka B, imetuletea mtu kiziwi mwenye utasi, aliyepelekwa kwa Yesu katika nchi ya Dekapoli. Mwinjili Marko anataja jambo moja ambalo kwa kawaida tunalipita haraka ili tufike kwenye muujiza. Kabla ya kuyagusa masikio ya mtu yule, Bwana alimtenga kwanza na umati, akamchukua faraghani. Angeweza kumponya palepale, mbele ya macho ya wote, katikati ya vigelegele. Hakufanya hivyo. Masikio yale yalipofunguka, sauti ya kwanza kuyafikia ilikuwa ya Mwokozi, wala haikuwa ghasia ya watu waliokuwa wakisukumana.

Tumelitafakari jambo hilo juma zima, nalo limetuchoma, kwa sababu sisi tunafanya kinyume chake. Tunawaita watu waje wamsikilize Kristo, kisha tunawafungulia spika mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Juma hili, basi, tunasema jambo ambalo litawaudhi baadhi yetu, nasi tunalisema tukijihesabu kuwa wa kwanza katika kosa: kelele zetu si ari ya imani, wala si uinjilishaji. Ni madhara tunayowatia watu mwilini, nayo yamo ndani ya mambo ambayo Amri ya Tano inatutaka tujihoji.

Tueleze kilichotufikisha hapa. Baada ya mkesha wetu uliopita, alitujia ofisini mama mmoja anayeishi nyuma ya ukumbi wa parokia. Si Mkatoliki. Alikaribishwa, akaketi, akatusalimia kwa adabu, wala hakulalamika. Alituomba kitu kimoja tu: ratiba ya mikesha yetu ya mwaka mzima. Tulifurahi, tukadhani kwamba anavutwa na sala zetu. Kumbe mumewe amelala nyumbani baada ya kupata kiharusi, na mama huyo alitaka kuzijua tarehe mapema ili kila tunapokesha awe anamhamishia mgonjwa kwa dada yake, mtaa wa pili. Tulimpa ratiba. Alishukuru, akaondoka. Ndipo tulipobaki tumekaa, hatuna la kuambiana. Mtu mwenye kiharusi anabebwa usiku na kuwekwa juu ya bajaji kwa sababu wafuasi wa Yule aliyewaponya wapooza wanasali!

Tangu siku hiyo tumejitahidi kusoma waliyoyaandika waganga na watafiti juu ya namna mwili wa mwanadamu unavyoitikia sauti. Tuliyoyakuta ni haki yenu kuyajua.

Kwanza, tukumbuke jinsi Muumba alivyolitengeneza sikio. Jicho lina kope. Mtu asipotaka kuona, hulifumba. Sikio halina kope. Halifungwi, wala halilali. Sauti huingia, ikaipiga ngoma ya sikio, ikapita katika vifupa vitatu vidogo, ikafika katika sehemu ya ndani iliyojikunja mfano wa kombe la konokono. Humo mna seli laini zenye vinywele, takribani 15,000 katika kila sikio, ambazo ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Idadi hiyo ni ndogo sana kwa maisha yote ya mtu. Na seli hizo zikifa kwa mwanadamu, hazioti tena. Ngozi iliyokwaruzwa hupona, na mfupa uliovunjika huunga. Seli ya kusikia iliyokufa imekwenda moja kwa moja.

Pili, habari ya sauti haiishii kwenye kusikia tu. Kabla mtu hajatambua kwamba hii ni kwaya na ile ni honi ya gari, sehemu za chini za ubongo, zile zinazoangalia hatari, zimekwisha kupata taarifa. Sauti kubwa au ya ghafla huzishtua. Moyo huongeza mapigo, mishipa ya damu hujikaza, na homoni za mfadhaiko, kama adrenalini na kortisoli, humwagwa katika damu. Mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Wala hauombi ruhusa ya akili, wala hauulizi kama sauti hiyo inatoka kwa simba, kwa mlevi au kwa padre.

Hapa ndipo tunapotaka kuivunja hoja ambayo tumeisikia mara nyingi kuliko zote, nayo ni hii: "Watu wamezoea." Tunaambiwa kwamba jirani wa kanisa huzoea, kama vile jirani wa reli anavyoizoea treni. Watafiti wamelipima jambo hilo. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa moyo wa Ulaya lilichapisha kazi iliyofanywa kwa watu 140 wanaoishi karibu na viwanja vinne vya ndege: vya Athens, Milan, Stockholm na London. Walilala majumbani mwao, katika vitanda vyao, wamefungwa kifaa kinachopima shinikizo la damu kila baada ya dakika 15, na kando yao kinasa sauti. Ndege ilipopita juu, shinikizo la damu la juu lilipanda kwa wastani wa milimita 6.2 za zebaki. Nalo lilipanda hata kwa mtu ambaye hakuamka! Asubuhi angeapa kwamba alilala salama na kwamba ndege hazimsumbui. Moyo wake ungetoa ushahidi mwingine.

Katika mwaka huohuo yalitoka matokeo ya uchunguzi mpana zaidi wa watu 4,861 wenye umri kati ya miaka 45 na 70, waliokuwa wameishi miaka isiyopungua mitano karibu na viwanja sita vikubwa vya ndege barani Ulaya. Hao, kama wapo watu waliozoea, walikuwa wamezoea. Hata hivyo ilionekana kwamba kila kelele za ndege za usiku zilipoongezeka kwa desibeli 10, uwezekano wa mtu kuwa na shinikizo la juu la damu uliongezeka kwa takribani asilimia 14.

Tena, mwaka 2013, madaktari wa Mainz, Ujerumani, walichukua watu 75 wenye afya njema, wengi wao vijana, wakawachezea kelele za ndege zilizorekodiwa wakati wamelala, usiku mmoja mara 30 na usiku mwingine mara 60. Adrenalini iliongezeka, na mishipa ya damu ikapungukiwa na uwezo wake wa kutanuka inavyopaswa. Na sikilizeni hili: waliokwisha kupata usiku wa kelele kidogo waliathirika zaidi ulipofika usiku wa kelele nyingi. Usiku wa kwanza haukuwafundisha mwili wao kuvumilia, uliudhoofisha. Kwa hiyo tunaposema "wamezoea", tunasema uongo bila kujua. Kinachozoea ni ulimi, ambao umechoka kulalamika. Mwili hauzoei.

Mtatuambia: hizo ni ndege, nasi tunaimba sifa za Mungu. Ndugu wapendwa, mshipa wa damu haujui kusoma maneno ya wimbo. Mgonjwa aliyelala nyuma ya ukumbi, saa nane za usiku, hapati maneno ya zaburi. Anapata mdundo wa besi unaopenya ukuta. Sisi tulio ndani tunasikia sala. Yeye anasikia kishindo.

Tatu, tuzungumze juu ya watoto, kwa maana hapo dhambi yetu ni kubwa zaidi. Katika Misa zetu watoto huketishwa mbele, na spika kubwa nazo huwekwa mbele. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini matokeo yake ni kwamba walio wadogo kuliko wote ndio wanaopokea sauti kubwa kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma bila kujihatarisha. Desibeli, hata hivyo, hazipandi kama shilingi. Kila zinapoongezeka tatu, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda ulio salama hukatwa nusu. Kwa desibeli 90 muda huo ni saa nne kwa juma zima. Kwa desibeli 100 ni kama dakika 20 tu. Misa yetu ya Dominika haikwishi kwa dakika 20! Na mwanakwaya huimba Misa mbili, akafanya mazoezi siku tatu katika juma, akiwa amesimama kando ya spika ileile.

Tusije tukadhani kwamba madhara hayo hujulikana upesi. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwawekea panya sauti ya desibeli 100 kwa saa mbili. Usikivu wa panya hao ulipungua, kisha baada ya siku kadhaa ukarudi. Kipimo cha kawaida kingesema wamepona. Lakini watafiti walipochunguza ndani ya masikio, waliona kwamba seli zilibaki, ila viungio vinavyoziunganisha na mishipa ya fahamu vilikuwa vimepotea, katika baadhi ya sehemu karibu nusu yake, wala havikurudi. Panya si mwanadamu, na hatutaki kusema zaidi ya yaliyopimwa. Hata hivyo ni nani kati yetu ambaye hajawahi kutoka kwenye sherehe masikio yakivuma, akalala, akaamka yametulia, akasema yamepona? Kazi ile inatuonya tusiwe wepesi wa kusema hivyo.

Wala si masikio tu. Uwanja wa zamani wa ndege wa jiji la München, Ujerumani, ulipofungwa mwaka 1992 na mpya kufunguliwa mahali pengine, watafiti waliwafuatilia watoto wa pande zote mbili. Kule kelele zilikohamia, uwezo wa watoto wa kusoma na kukumbuka ulishuka. Kule zilikoondoka, uliinuka. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni sauti iliyokuwa juu ya vichwa vyao. Basi tujiulize kuhusu mtoto wa darasa la saba anayejiandaa kwa mtihani katika chumba kinachopakana na ukumbi wetu. Tunamwombea kwenye Misa afaulu, kisha usiku tunamnyima usingizi na utulivu wa kusomea.

Sasa tuzijibu hoja nyingine, maana tunazijua, na baadhi yake tumewahi kuzitoa sisi wenyewe.

Wapo wanaosema: Zaburi ya 150 yenyewe inatutaka tumsifu Bwana kwa matoazi yenye sauti kuu. Ni kweli, nasi hatuna ugomvi na matoazi, wala na ngoma, wala na kayamba, wala na vigelegele vya akina mama. Furaha ya Mwafrika mbele ya Mungu wake ni zawadi kwa Kanisa lote. Lakini toazi la mtunga Zaburi lilipigwa kwa mkono wa mtu, na mkono huchoka. Ngoma ya wazee wetu ilipigwa uwanjani, kwa saa yake na kwa sababu yake, na wote waliijua siku yake. Penye msiba ilinyamaza. Kipaza sauti hakichoki, hakina aibu, wala hakijui msiba wa jirani. Wazee hao hao ndio waliotuachia usemi kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Wapo wanaosema: tukipunguza sauti, vijana watatukimbia, watakwenda kwenye madhehebu yenye msisimko. Hoja hii inatusikitisha kuliko zote, kwa sababu inakiri kwamba tumeacha kuyaamini tuliyo nayo. Manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli walipaza sauti tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na Eliya aliwadhihaki akiwataka wapaze zaidi, pengine mungu wao amelala. Kisha yeye akasali sala fupi, na moto ukashuka. Eliya huyohuyo, alipofika Horebu, hakumkuta Bwana katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika utulivu. Je, tunamhudumia Mungu wa Karmeli na Horebu, au tumewakodi manabii wa Baali watusaidie kuhesabu waamini? Mwili unaosisimuliwa na adrenalini hudhani kwamba umeguswa na Roho. Si lazima iwe hivyo. Mapigo ya moyo yakipanda kwa sababu ya spika, yatashuka spika ikizimwa, na kijana atakwenda kutafuta spika kubwa zaidi. Debe tupu haliachi kutika.

Wapo wanaosema: mbona baa ya pale njiani inapiga muziki usiku kucha na hamsemi? Tunasema, na tutaendelea kusema. Katika nchi yetu zipo Kanuni za Usimamizi wa Mazingira za mwaka 2015 juu ya viwango vya kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya mwaka 2004. Nazo hazikuandikwa kwa ajili ya walevi peke yao. Majirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2009, waliziweka nyumba za ibada katika kiwango kilekile cha maeneo ya utulivu: desibeli 40 mchana na 35 usiku. Waliona kwamba mahali pa sala ni mahali pa kulindwa dhidi ya kelele. Hawakufikiri kwamba ndipo kelele zitakapotoka. Tukienda kwa mwenye baa leo kumwomba apunguze, atatuonyesha kidole kuelekea mnara wetu, na hatutakuwa na jibu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wapo, hatimaye, wanaosema kwa nia njema kabisa: wazee wetu hawasikii vizuri, ndiyo maana tunaongeza. Hawa tunawaheshimu, lakini dawa yao siyo hiyo. Sikio lililochakaa kwa uzee halikosi ukubwa wa sauti tu, hukosa uwazi wake. Kanisa letu lina paa la bati, sakafu ya vigae na kuta tupu. Sauti hugonga na kurudi, neno la pili likalikanyaga la kwanza. Ukiongeza nguvu unaongeza mwangwi, na mzee anaumia bila kuelewa. Anachohitaji ni msomaji anayesoma polepole, mdomo uliokaribia kipaza sauti kwa kiasi, na spika ndogo kadhaa zilizo karibu na viti badala ya mbili kubwa zinazopiga kelele kutoka altareni. Fundi yeyote anayeijua kazi yake atawaambia hivyo.

Msidhani kwamba tunaichukia sauti. Utafiti uleule unaotushtaki unatuonyesha pia njia. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walitoa kazi waliyoifanya kwa watu wazima 23 wenye afya. Waliwataka wasali Salamu Maria kwa Kilatini, kama inavyosaliwa katika Rozari, na wakati mwingine watamke maneno ya sala za Mashariki. Katika hali zote mbili upumuaji wao ulishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na mfumo unaolisawazisha shinikizo la damu ukafanya kazi vizuri zaidi. Tusilitumie jambo hilo kujigamba, kwa kuwa sala za wengine nazo zilitoa matokeo yaleyale. Aliyeiumba miili yetu aliiumba na yao. Lakini tulitambue: bibi zetu waliosali Rozari kwa zamu, upande huu ukianza na upande ule ukipokea, bila spika wala nyaya, walikuwa wakiifanyia mioyo yao wema ambao wanasayansi waliupima baadaye sana.

Miaka mitano baadaye, Bernardi na wenzake waliwasikilizisha watu 24 muziki wa aina mbalimbali. Muziki wa kasi uliharakisha pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Katikati waliweka kimya cha dakika mbili. Ni kimya hicho kilichowatuliza watu kuliko hata walivyokuwa kabla muziki haujaanza. Dakika mbili! Baba za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, waliagiza kwamba kimya kitakatifu kishikwe kwa wakati wake. Nasi tunafanya nini baada ya Komunyo? Wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, wimbo wa shukrani, matangazo. Tumeipokea Sakramenti ya Mwili wa Bwana, na hatumpi hata dakika mbili za kusema nasi.

Na kwa wadogo kabisa: mwaka 2013 Joanne Loewy wa New York na wenzake walieleza yaliyoonekana kwa watoto njiti 272 katika hospitali 11. Nyimbo za kubembeleza, zilizoimbwa kwa upole na mtu aliye karibu, zilituliza mapigo ya mioyo yao. Mtoto huyo huyo ambaye tunamshtua na spika, angetulizwa na sauti ya mama yake isiyovuka kizingiti cha mlango. Akina WAWATA mnalijua hili bila kusoma jarida lolote. Tunashangaa kwamba hekima mliyo nayo nyumbani mnaiacha mlangoni mwa kanisa.

Basi, wapendwa, Mama Kanisa anafundisha katika Katekisimu kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunapaswa kuzitunza kwa busara tukiangalia mahitaji ya wengine. Hatuwezi kuikiri imani hiyo mchana na kuipuuza usiku. Kwa hiyo, baada ya kuzungumza na Halmashauri ya Walei, tunatangaza haya. Kuanzia Dominika ijayo watoto hawataketi tena mbele ya spika. Ama wao watahamishwa, ama spika. Kwenye mikesha, spika za nje zitazimwa ifikapo saa tatu usiku, na za ndani zitabaki kwa kiasi cha kumtosha aliye ndani. Baada ya Komunyo tutakaa kimya dakika mbili kamili, na mpiga kinanda atastarehe. Walimu wa kwaya watapanga mazoezi bila vipaza sauti, ili wanakwaya wajue tena sauti zao wenyewe. Na sisi makasisi tunaowahubiria kwa kupaza sauti, kana kwamba neema hupimwa kwa desibeli, tunawaomba radhi na kuahidi kujirekebisha.

Asiyeamini, na ajipime mwenyewe. Aende pale wanapoketi watoto, wakati wa wimbo wa mwanzo, ajaribu kuzungumza na mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Akilazimika kupaza sauti ili asikiwe, basi amekwisha fika kwenye kiwango ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa cha hatari kwa anayekaa humo muda mrefu. Hahitaji kifaa chochote. Akirudi bado anataka tuongeze sauti, aje atuambie, nasi tutamwomba kwanza aandamane nasi hadi nyuma ya ukumbi akamsalimie mgonjwa wetu.

Kwa maana huko tumekwisha kwenda. Jumatano tulipiga hodi kwa yule mama, tukamwambia kwamba ratiba tuliyompa haina kazi tena, na kwamba mkesha ujao hatahitaji kumhamisha mumewe. Tulimwomba msamaha kwa niaba yenu nyote. Mzee hawezi kusema vizuri bado, lakini alitushika mkono. Tuliketi kando ya kitanda chake, tukasikiliza. Kutoka ukumbini kwaya ya vijana ilikuwa ikifanya mazoezi, na kila neno la utani wa mwalimu wao lilitufikia kupitia spika. Hatukujua kuwa ukuta ule ni mwembamba kiasi hicho. Kwa miaka yote hii tulikuwa upande mmoja tu wa ukuta.

Tumwombe Bwana, aliyemtenga kiziwi na umati ili amponye, atutenge na sisi na makelele yetu wenyewe, ayafungue masikio yetu tupate kuisikia sauti yake, na ile ya jirani asiyelalamika. Bikira Maria, aliyeyaweka yote moyoni mwake na kuyatafakari kwa kimya, atuombee.

Tukutane Dominika ijayo. Njooni mapema, na watoto waketi kati au nyuma.

Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko wenu